Mkono wa Kyungu

Mkasi ule ulikuwa wa mkono wa kuume. Fundi yeyote wa nguo anajua kwamba mikasi ya kukatia huundwa hivyo, na mtu akiushika kwa kushoto kitambaa hujikunja katikati ya makali, kikatafunwa badala ya kukatwa. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Agnès alipoinua kichwa kutoka kwenye cherehani yake, akamwona mwenzake Evodie anakata kikwembe, kitenge cha sare ya korali, wale waimbaji wa kanisa, kwa mkono wa kushoto, na mkasi unateleza bila kukwama hata mara moja, alidhani kwanza ni macho yake yanayotaka miwani.

"Evodie, unakata na mukono gani?"

"Na mukono wangu. Sasa nikate na wa nani?"

"Angalia basi."

Evodie akaangalia. Mkono wa kuume ulikuwa umelala juu ya kitambaa, umekituliza. Mkasi ulikuwa upande wa pili. Akacheka, akauhamisha, akaendelea, maana vikwembe vya korali vilikuwa vimejaa meza na Pasaka haikuwa mbali. Lakini kabla ya kuuhamisha aliona jambo ambalo hakumwambia Agnès. Ukingo uliokatwa na kushoto ulinyooka kuliko wowote aliowahi kukata.

Evodie alikuwa na maringo ya kazi, na tusimlaumu, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri. Chumba cha mbele cha nyumba yao pale mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, ndicho kilichokuwa atelye: cherehani mbili, meza moja, benchi la wateja, na kapu kubwa la vipande vya nguo ambamo mwanawe Hénoc, mtoto wa miezi michache ambaye alikuwa hajaanza kukaa, alilala mchana kutwa kama bwana mkubwa. Mumewe Willy alikuwa fundi wa injini bandarini. Jina lake la pili Evodie lilikuwa Kabange, na kwao Kiambi jina hilo halipewi mtu ovyo. Ni jina la pacha, au pasa kama wanavyosema huko, aliyezaliwa wa pili. Wa kwanza aliitwa Kyungu, naye hakufikia umri wa kukaa. Evodie alilijua hilo tangu utotoni, bila uchungu, kwa kuwa hakumkumbuka. Alichokumbuka ni mchezo wa mama yake. Kila alipopewa biskuti kwa mkono wa kuume, mama yake alimwambia, "Na mwingine?" naye akanyosha wa kushoto, akapewa ya pili. Watoto wa jirani walimwonea wivu sana. Mchezo huo ulikoma alipoolewa.

Basi, baada ya asubuhi ile mkono wa kushoto haukujificha tena. Evodie alianza kuchora mstari kwa chaki ya kuume huku mkasi wa kushoto unaufuata nyuma nyuma. Akawa anatunga uzi kwenye sindano bila kutazama. Wanawake wa korali wakaanza kuja hata wale wasio na nguo ya kushonwa, wanabanana kwenye benchi, wanatazama na kupiga vigelegele. Mmoja akasema ni kipaji cha Mungu. Mwingine akauliza kama kipaji hicho kinaweza pia kusonga ugali upande huu na kupepea moto upande ule, maana yeye angekihitaji nyumbani. Watu wakacheka, na Evodie akacheka kuliko wote. Alipenda kusifiwa, na nani hapendi?

Agnès peke yake hakufurahi. "Mie inaniogopesha," alisema wageni walipoondoka. "Muntu hajifunze mukono siku moja. Mutoto wangu alimaliza muaka muzima kujua kuandika na huo mumoja tu."

"Wivu, Mama Agnès."

"Iite wivu. Lakini leo mama ya Jean-Pierre alikupa kitambaa yake, na wewe ukapokea na kushoto. Muntu muzima vile! Ulimuona uso?"

Evodie hakuwa ameona. Hakujua hata kwamba alikipokea kwa kushoto. Alijaribu kukumbuka na hakuweza, na jambo hilo lilimuudhi kidogo, akaamua kutolifikiria.

Siku zilizofuata ikaja harufu. Kalemie ilikuwa na mvua, na wakati wa mvua kila kitu kina harufu ya maji, lakini hii haikuwa ya mvua. Ilikuwa ya matope ya chini kabisa mtoni, pale kwenye matete, matope ambayo mguu ukizama hayataki kuuachia. Evodie alifua vipande vyote vya kapuni. Akapiga deki. Akaanika godoro. Harufu ikabaki palepale, na ilizidi kila alipoinua mkono wa kushoto kujifuta jasho usoni.

Kisha ikawa mchana mmoja, jua limesimama juu ya mabati na mtaa mzima umenyamaza kwa joto. Agnès alikuwa amekwenda kwake kula. Evodie alikaa kwenye mkeka akimnyonyesha Hénoc, mgongo ukutani, akasinzia. Aliamshwa na sauti ndogo, sauti ambayo fundi anaifahamu hata usingizini: uzi unaopita kwenye kitambaa kipya, ukivutwa mpaka mwisho, halafu kimya, halafu tena. Akadhani Agnès amerudi. Akafumbua macho na kuona kiti cha Agnès ni kitupu, mlango umefungwa, Hénoc amelala kifuani mwake, na kule chini, kitambaa kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake mwenyewe, mkono wake wa kushoto unashona.

Aliutazama mkono unavyochoma sindano, unavyoiachia, unavyoiokota upande wa pili, taratibu, na hakuhisi chochote kwenye vidole vile. Hapo Hénoc akacheua, na mkono ukaanguka, ukawa wake tena, unamwuma kwa ganzi. Pale magotini palikuwa na suti ndogo ya mtoto mchanga, ya vipande vya kitambaa cha njano, karibu kumalizika. Evodie akaitupa kapuni. Alipoitupa aliona kwamba humo kapuni, chini ya vipande, kulikuwa na nyingine sawa na hiyo, iliyokwisha kumalizika, na kola yake na vifungo vyake.

Angemwambia Willy jioni ile, lakini hakumwambia. Alijiambia kwamba ni uchovu wa unyonyeshaji. Na tuseme ukweli wote: alizitazama zile suti kwa macho ya fundi, akaona mishono midogo iliyolingana mpaka mwisho, akajua kwamba mkono wake wa kuume haujawahi kushona hivyo na hautashona hivyo kamwe. Akazikunja vizuri, akazificha kabatini.

Siku chache baadaye zilikuwepo mbili nyingine, za kijani, kubwa kidogo kuliko zile za njano. Daima mbili. Daima sawa. Na Hénoc akaanza kubadilika. Alikataa ziwa la kuume. Akiwekwa upande huo aligeuza uso, akalia mpaka ahamishiwe kushoto, na huko alinyonya kidogo tu kisha akalala, macho yamefunguka nusu. Akapungua. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamsikiliza kifua, akasema haoni ugonjwa, mama azidi kumnyonyesha. Willy alileta maziwa ya kopo. Mtoto aliyatema.

Mchana mwingine Evodie aliamka kwa kicheko cha Hénoc. Alifurahi, maana hakuwa amemsikia akicheka tangu siku nyingi, akageuka ubavu amtazame, na akaona mtoto amelala kifudifudi mkekani na mkono wa kushoto, mkono wake yeye, unatembea juu ya mgongo wa mtoto kwa shibiri, dole gumba likitangulia na kidole kidogo kikifuata, kutoka shingoni mpaka matakoni, kutoka bega mpaka bega, ukisimama kila mwisho wa kipimo kama fundi anayetaka kukumbuka, na mtoto anatekenywa na kucheka, na chumba chote kinanuka matope.

Alimnyakua kwa mkono mmoja, akakimbilia uani. Huko alikaa juani mpaka Willy aliporudi. Akamwambia yote.

Willy alikuwa mtu wa mashine, hakuwa mwepesi wa kuamini. Lakini aliushika mkono wa mkewe, akauona baridi, na chini ya kucha akaona weusi usiotoka kwa sabuni.

"Usilale na mutoto," alisema. "Mie nitamubeba. Wewe lala kule."

Walifanya hivyo, na kwa siku kadhaa walidhani imetosha. Jumamosi moja Willy alichelewa bandarini, injini ya boti ya kwenda Moba ilikuwa imekataa kuwaka. Giza lilipoanza kuingia umeme ukakatika mtaa mzima. Evodie alikuwa amekaa mbali na kapu, upande wa pili wa chumba, na mkono wa kushoto ameufunga kwa kitambaa kiunoni mwake. Alikuwa na hakika kwamba yuko macho. Hata baadaye aliapa kwamba hakulala. Lakini kitu kilichofuata alichokijua ni kwamba yuko kando ya kapu, kitambaa cha kiunoni kimefunguka, mwanga wa simu machoni, na maumivu ya kifundo cha mkono, na Willy amepiga magoti mbele yake, ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili, anavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, yeye mtu wa kufungua nati zilizoshika kutu, anavuta na kuhema na mkono hauji, kwa sababu vidole vitano vilikuwa vimelala juu ya pua na mdomo wa Hénoc, vimelala kwa upole, kama vile mtu anavyombembeleza mtoto anyamaze, na Hénoc alikuwa amenyamaza.

"Achia," Willy alinong'ona. "Achia, achia, mutoto huyu ni wetu, achia!"

Willy anasema Evodie alitaja jina wakati ule, lakini hakusikia ni la nani. Yeye mwenyewe alisema hakutaja jina, alilia tu. Mkono ukalegea. Hénoc akavuta pumzi kwa sauti kubwa, akalia, na kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko korali zote za Kalemie. Kapuni, pembeni mwa kichwa chake, kulikuwa na suti mbili za bluu.

Hawakungoja. Walimwita mwenye pikipiki, wakapanda wote watatu, mkono wa Evodie umefungwa kwa kikwembe kizima, wakaenda mtaa wa Kamkolobondo kwa mama yake Evodie. Mama huyo, Mama Huguette, alikuwa bado hajafunga mlango. Aliwaweka ndani, akasikiliza, akitikisa kichwa na kusema "Yesu" mara kwa mara, mpaka Willy alipofungua mfuko na kuzipanga zile suti juu ya meza kwenye mwanga wa taa. Mbili za njano. Mbili za kijani. Mbili za bluu.

Mama Huguette akakaa chini sakafuni.

"Mbili mbili," alisema. "Ee Mungu wangu. Ni Kyungu njo anashona."

"Kyungu alikufa, Mama," Evodie akasema.

"Usiseme vile! Mapasa hawafi. Alirudi ku maji." Akajifunika uso kwa khanga yake. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo sana, wakalazimika kumsogelea. "Alipomaliza kurudi, wakubwa ya Kiambi waliniambia nichonge sanamu yake. Niiogeshe, niivalishe, nikikupa wewe chakula, niipe na yeye. Lakini nilikuwa nimeokoka. Pasta alisema sanamu ni ya Shetani. Sasa nifanye namna gani? Nilikuwa mama ya wawili. Nilishuka ku muto Luvua, nikamuambia: Kyungu, kuja ukae ku mukono wa kushoto wa dada yako. Kitu yeye atapata na kuume, wewe utapata na kushoto."

Evodie aliutazama mkono wake uliofungwa. "Biskuti," alisema.

"Biskuti, ndiyo. Na nyama, na pipi, na kila kitu. Nilikupa mbili mbili mpaka siku ya ndoa. Halafu nikasema, aah, sasa ni muke wa muntu, ni mukubwa, imeisha. Nikaacha." Akalia. "Nilimuazima mukono wako, mwanangu. Sikukuuliza."

Evodie alimwonea huruma na alimchukia, vyote kwa pamoja. Willy ndiye aliyeuliza nani anaweza kuwasaidia, na Mama Huguette akamtaja Mama Tina.

Mama Tina alikuwa amezaa mapasa mara tatu, na mjini hakuna aliyezijua desturi zao kumshinda. Walimkuta asubuhi ufukweni, anaanika ndakala wake, wale dagaa wadogo wa ziwa, juu ya mchanga, na anawatukana kunguru. Hakuacha kazi ili kuwasikiliza. Aliwapa Willy na Mama Huguette nyavu za kufunika samaki wazishike, akamtazama Hénoc, akaunusa mkono wa Evodie, akakunja uso.

"Hasira hana," alisema. "Mungekuwa na bahati kama angekuwa na hasira. Pasa hawezi kukaa peke yake. Dada yake amekuwa mukubwa, ana bwana, ana nyumba. Yeye alibakia mutoto. Anatafuta mwenzake wa saizi yake."

Evodie akamkumbatia Hénoc. "Anamutaka huyu."

"Sasa anamupimia nguo ya nini? Musikilize vizuri, jua linapanda na samaki yangu inaharibika. Papa Willy, utachonga sanamu, uso usiwe muzuri, iwe na uso tu. Muivalishe. Kesho alfajiri tunaenda ku muto Lukuga, si ku ziwa. Ziwa linarudishaka. Lukuga inaenda Lualaba, na Luvua inaenda kule kule, atafika kwao. Na nguo zote alishona, ziende naye. Zote mbili mbili. Kitu ya mapasa haigawanyike. Mumesikia?"

Walisema wamesikia.

Willy alichonga sanamu kwa kipande cha kasia lililovunjika. Jioni, kukiwa bado na mwanga, Evodie alikaa kufungasha nguo. Za njano alizikunja pamoja. Za kijani vilevile. Moja ya bluu akaivalisha sanamu, na ilimkaa vibaya, mabega yalining'inia, kwani haikushonwa kwa ajili ya mti. Ile ya pili akaishika mkononi.

Ilikuwa nguo nzuri. Kola yake ilikuwa na marinda madogo kiasi kwamba mtu alipaswa kuyahesabu kwa ncha ya sindano. Matundu ya vifungo yalikuwa yamezungushiwa uzi kwa mkono, hayana fundo hata moja. Kesho mkono ule ungemtoka, na yeye angerudi kuwa fundi mzuri wa Kataki, mmoja kati ya wengi. Alifikiri juu ya wanawake walioketi kwenye benchi. Alifikiri juu ya siku ya kumpeleka Hénoc kanisani kubarikiwa, na hana nguo ya kumvalisha inayofanana na hii. Moja tu, alijiambia. Ana tano. Mahali pake aliweka kipande cha kitambaa cha bluu, akakikunja kwa umbo la suti, akafunga furushi kwa mafundo mawili.

Alfajiri walishuka Lukuga, juu kidogo ya daraja, ukungu bado umelala majini. Mama Tina alimwambia Willy aangalie mamba na aache kutetemeka. Akampa Evodie biskuti mbili.

"Wakati mumoja," alisema kwa kunong'ona. "Kuume umupe mutoto wako, kushoto umupe yeye. Mumoja usitangulie. Halafu useme."

Evodie alinyosha mikono yote miwili kwa pamoja. Biskuti moja iligusa midomo ya Hénoc aliyekuwa mikononi mwa Willy, nyingine ikagusa uso mbaya wa sanamu, na kwa muda ule mfupi alihisi mikono yake ina nguvu sawa kabisa, uzito sawa, joto sawa, na alijua kwamba hatahisi hivyo tena.

"Kyungu," alisema. "Mukono nilikaa nao ni wako, nakurudishia. Na mutoto ni wangu, niachie."

Wakaiweka sanamu majini pamoja na furushi lake. Mkondo ukaichukua. Ilikwenda vizuri mpaka karibu na nguzo ya daraja, na hapo ikasimama. Maji yalipita pande zote mbili, mabua yalipita, povu lilipita, na sanamu ikazunguka polepole mpaka uso wake ukawatazama walipo, ikakaa hivyo, suti ya bluu imelowa na kuwa nyeusi, kama mtu aliyeondoka nyumbani akakumbuka kitu alichokisahau.

"Umeweka zote?" Mama Tina akauliza bila kugeuza kichwa.

"Zote."

"Evodie. Zote?"

"Nimesema zote, Mama."

Sanamu ikageuka, ikapita chini ya daraja, ikaenda. Mama Tina alitema mate majini na kusema kwamba ana samaki wa kugeuza.

Asubuhi hiyohiyo Evodie alishika mkasi kwa kushoto. Kitambaa kikajikunja, kikatafunwa vibaya mno. Akacheka mpaka akalia, na Mama Agnès aliyekuwa ameambiwa yote akacheka na kulia naye. Harufu ilikuwa imekwisha. Hénoc alinyonya kuume, akanyonya kushoto, akataka tena. Wanawake wa korali walilalamika kwamba sasa nguo zinachelewa, kisha wakazoea, na benchi likarudi kuwa la wateja. Pasaka ikapita. Mashavu ya Hénoc yakajaa. Siku aliyokaa mwenyewe kwa mara ya kwanza, bila mto mgongoni, Willy alipiga makofi na kumwita mwenye pikipiki kuja kushuhudia, na Mama Huguette akapiga magoti akashukuru.

Jumapili ya kumbariki ilipofika, Evodie alifungua kabati, akatoa suti ya bluu. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba haitamtosha, kwani mtoto alikuwa ameongezeka sana tangu ilipopimwa. Ilimtosha. Mabega yalikaa mahali pake. Mikono ilifika penye vifundo. Kifungo cha mwisho kilijifunga kwa urahisi, na Evodie, aliyekuwa anajua mambo ya vipimo kuliko watu wengi, alijikaza asifikirie maana yake. Kanisani watu waliisifu nguo. Wakauliza nani ameshona. "Mie," alisema.

Baada ya ibada walikaa uani, wageni wachache, soda na sambusa. Hénoc aliketi juu ya mkeka katikati ya watu. Mama Huguette akainama mbele yake na biskuti.

"Kamata, Papa yangu. Kamata na mukono muzuri."

Hénoc akanyosha mkono wa kuume, akaichukua. Watu wakapiga makofi. Hakuipeleka mdomoni. Alimtazama bibi yake, akiwa ametulia kuliko mtoto wa umri ule anavyoweza kutulia, kisha akanyosha mkono wa kushoto, akaufungua kiganja juu, akangoja.

Wageni walicheka, wakasema mtoto ana tamaa. Willy hakucheka. Mama Huguette alikuwa amebaki vilevile ameinama, na machoni mwake Evodie aliona kwamba amekwisha kuelewa, na kwamba anamwuliza yeye amefanya nini.

Evodie alipiga magoti kwenye mkeka. Harufu ilikuwepo, ndogo, inatoka kwenye kola yenye marinda. Alianza kufungua vifungo, akafungua cha kwanza, na Hénoc akaacha kupumua. Hakulia, hakufurukuta. Aliacha tu, huku anamtazama. Evodie akakifunga tena, na kifua kidogo kikapanda.

Kiganja cha kushoto kilikuwa bado kimefunguliwa. Evodie alikumbuka mkono wenye njaa unachoweza kufanya. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na biskuti nyingine, akaiweka pale.

Vidole vikafumba.

"Mama," alimwambia Mama Huguette, taratibu, wageni wasisikie. "Kutoka leo, kila kitu mbili."